Maswali ya Wasomaji: Watoto wa Watu na Namba Walizoteuliwa Nazo

Barua nyingi tulizopokea msimu huu kuhusu mpira wa Kiaustralia hazihusu mechi wala mabingwa. Zinahusu vijana wa miaka 18 ambao wengi wao hawajacheza hata dakika moja ya ligi kuu, na mabishano juu ya klabu ipi ilipaswa kumteua nani. Tumechagua barua saba, nyingine tumezifupisha, na tunazijibu kwa mpangilio unaomwezesha hata asiyeujua mchezo huu kufuatana nasi.

Mhariri, kaka yangu anaishi Adelaide na kila mwezi wa Novemba hunitumia ujumbe mrefu wa sauti akilalamika kwamba klabu yake imemteua kijana asiyefaa. Mimi sielewi. Kwa nini klabu isimnunue tu mchezaji inayemtaka, kama Simba, Yanga au Gor Mahia zinavyofanya? – Msomaji, Nakuru

Ndugu msomaji, ligi kuu ya Australia ina klabu 18, na 10 kati yake ziko jimbo la Victoria, mahali mchezo huu ulipozaliwa. Hadi katikati ya miaka ya 1980 klabu za Victoria ziligawiwa maeneo, na kijana aliyekulia katika eneo la klabu fulani alikuwa mali ya klabu hiyo, hata kama eneo lingine lilijaa vipaji na hilo lilikuwa kame. Ligi ilipojiandaa kupokea klabu kutoka Perth na Brisbane mwaka 1987, utaratibu huo haukuweza kuendelea, na mwaka 1986 ukafanyika uteuzi wa kwanza wa pamoja. Wenyewe huuita drafti, lakini kwa kuwa neno hilo kwetu ni mchezo wa kete, hapa tutasema uteuzi.

Kanuni yake ya msingi ni kwamba klabu iliyoshika mkia huteua kwanza, inayoifuata huteua ya pili, na hivyo hivyo hadi bingwa, kisha zamu inaanza upya. Kijana anayetimiza miaka 18 ifikapo tarehe 31 Desemba hujiandikisha, na klabu itakayomtaja ndiyo itakayokuwa yake. Hakuna ada ya uhamisho na kijana hachagui, kwa hiyo aliyelala Perth akiwa na ndoto ya kucheza nyumbani anaweza kuamka akiambiwa afungashe mizigo kwenda Melbourne. Klabu haziwezi kuuziana wachezaji kwa fedha, ila zinaweza kubadilishana wachezaji na hizo nafasi za kuteua, hata za mwaka ujao. Ndiyo maana kaka yako huizungumzia nafasi ya tano kama mtu anayezungumzia kiwanja cha kona kando ya barabara kuu.

Mimi na shemeji yangu tunaishi nyumba moja hapa Melbourne. Yeye anashangilia klabu ya Melbourne. Mimi, kwa kuwa nilifikia Perth nilipokuja nchi hii, nashangilia West Coast. Kila Novemba jina la Jack Watts hurudi mezani. Mimi husema walimwacha Nic Naitanui wakachukua hasara, naye hukasirika hadi anaacha chakula. Mwaka jana tulikaa wiki nzima bila kusemezana. Tuamulieni. – Msomaji, Footscray

Ndugu yetu, kuwaamulia tutawaamulia, ingawa huenda uamuzi usimpendeze yeyote kati yenu.

Katika uteuzi wa mwaka 2008, Melbourne iliyokuwa imeshika mkia ilimtaja Watts kuwa wa kwanza, na West Coast ikamchukua Naitanui kuwa wa pili. Watts alikuwa mshambuliaji mrefu mwenye mguu laini, aliyeweza kuupiga mpira ukatua kifuani mwa mwenzake kana kwamba amemkabidhi kwa mkono. Naitanui, kijana wa Perth mwenye wazazi wa Fiji, alikuwa mrukaji, yaani yule mtu mrefu anayepambana na mwenzake kuugusa mpira mwamuzi anapouanzisha katikati. Miaka kumi na mitano baadaye hesabu inaonekana rahisi. Naitanui alicheza mechi 213 na kuingia katika kikosi bora cha ligi mara tatu, ilhali Watts alicheza 153 akiwa Melbourne, akahamia Port Adelaide na kustaafu mwaka 2020 kabla ya kufikisha miaka 30.

Lakini tazameni siku ya kwanza ya huyo Watts. Ilikuwa Juni mwaka 2009, sikukuu ya Malkia, katika MCG, uwanja mkuu wa jiji la Melbourne, dhidi ya klabu ya Collingwood, mbele ya umati ambao wachezaji wengi wazoefu hutetemeka mbele yake. Kijana alikuwa bado mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari. Alipopata mpira wake wa mwanzo, hata kabla hajageuka, wanaume wa Collingwood walimvamia na kumwangusha kwa pamoja, na picha ile ya mwili mwembamba uliofunikwa na miili iliyokomaa ikawa ndiyo jina lake. Aliyemtia uwanjani siku ile alikuwa mtu mzima mwenye kazi ya kujua kama mwili wa mtoto uko tayari. Kijana hakujipanga mwenyewe.

Endeleeni kutazama. Katika misimu tisa aliyokaa Melbourne, Watts alifundishwa na makocha sita, tukiwahesabu walioshikilia kwa muda: Dean Bailey, Todd Viney, Mark Neeld, Neil Craig, Paul Roos na Simon Goodwin. Mmoja alimtaka mbele, mwingine nyuma, mwingine katikati. Naitanui tangu alipofika hadi alipostaafu mwaka 2023 alikuwa chini ya makocha wawili tu, John Worsfold na Adam Simpson, na miaka yake ya mwanzo alisimama kando ya Dean Cox, mmoja wa warukaji bora wa zama zake, akimtazama kila siku mazoezini jinsi anavyoweka bega na kupima mruko. Mche mmoja ulipandikizwa kivulini penye maji na mwingine kwenye kichuguu. Nanyi kila Novemba mnabishana juu ya mbegu.

Kwa hiyo uamuzi wetu ni huu. Shemeji yako akubali kwamba klabu yake ilikosea mwaka 2008, na kosa hilo ni la klabu, kwa kuwa ilimchukua kijana isiyokuwa na uwezo wa kumlea. Nawe uache kumwita hasara mtu aliyecheza mechi 174 za ligi kuu, jambo ambalo vijana wengi wa mwaka wake hawakulifikia. Tena, kama ni kupitwa, klabu zote zilipitwa mwaka ule: Dan Hannebery aliteuliwa wa 30 na Rory Sloane wa 44, na wote wawili wakawa nguzo za klabu zao, Sloane akifika hadi unahodha wa Adelaide.

Na kuna jambo ambalo shemeji yako huenda analikumbuka zaidi yako. Juni mwaka 2017, sikukuu ileile, uwanja uleule, dhidi ya Collingwood ileile, dakika za mwisho kabisa, Watts alipiga goli lililoipa Melbourne ushindi wa pointi nne. Mwisho wa msimu huohuo klabu ilimwachia aondoke. Mkikaa tena mezani, anzeni mazungumzo kutoka hapo.

Kama namba ya kwanza anaweza kufeli na namba 58 anaweza kuwa mchezaji bora wa nchi, basi wasaka vipaji wanalipwa bure. Heri wachague kwa bahati nasibu. – Msomaji, Geelong

Hapana, na mwaka 2001 unatosha kukujibu. Klabu ya Hawthorn iliipa klabu ya Fremantle mshambuliaji wake Trent Croad pamoja na Luke McPharlin, ikapokea nafasi ya 1, ya 20 na ya 36. Kwa nafasi ya 1 ikamteua Luke Hodge, ikiwaacha Luke Ball na Chris Judd waende wa pili na wa tatu. Mashabiki wamebishana zaidi ya miaka ishirini kama Hodge alistahili kumtangulia Judd, na ni ubishi wenye haki yake, kwa sababu Judd alitwaa Medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa msimu, mara mbili, na kuwa nahodha wa West Coast iliyotwaa ubingwa mwaka 2006. Hodge hakuwahi kuipata medali hiyo, ila alitwaa ubingwa mara nne, mara tatu mfululizo akiwa nahodha, kuanzia 2013 hadi 2015.

Huku watu wakibishana juu ya hao, nafasi ya 36, ambayo hakuna aliyeipigia kelele, ilimleta Hawthorn kijana mmoja mfupi, asiye na mbio, aliyewahi kupitwa na uteuzi kabla ya hapo. Huyo ni Sam Mitchell, nahodha wa ubingwa wa 2008, mshindi wa Brownlow ya 2012, na sasa kocha wa klabu hiyohiyo. Collingwood mwaka huo ilimpata Dane Swan kwa nafasi ya 58, naye akaitwaa Brownlow ya 2011. Lachie Neale, aliyeitwaa mara mbili, naye aliteuliwa wa 58, mwaka 2011.

Hayo hayathibitishi kwamba wasaka vipaji ni vipofu. Ukizitazama orodha za miaka mingi utaona kwamba kumi wa mwanzo hudumu kuliko kumi wa mwisho. Kinachothibitishwa ni kwamba wanaona vizuri vitu vinavyopimika, na vingine huwapita. Urefu unapimika, mbio za mita 20 zinapimika, mruko unapimika. Jinsi kijana anavyoutabiri mpira utakapoangukia sekunde mbili kabla haujaanguka hakuna saa inayoupima, na Mitchell aliishi kwa hicho.

Nilisimama asubuhi moja ya baridi kando ya uwanja wa Shepley Oval, Dandenong, vijana wa chini ya miaka 18 wakicheza. Kando yangu alikuwa mzee mwenye daftari dogo lililolowa pembeni kwa umande. Nilidhani ataandika kijana anapofunga. Hakuandika. Aliandika kijana mmoja alipopokonywa mpira, akaanguka, akainuka na kumfukuza aliyempokonya hadi upande wa pili wa uwanja bila kumpata. Aliandika mstari mzima, akalifunga daftari. Tangu siku ile sijasema tena kwamba watu hawa wanalipwa bure.

Je, ni kweli klabu hufungwa makusudi ili zipate nafasi za mwanzo? – Msomaji, Dar es Salaam

Shutuma zimekuwapo, hasa enzi zile ambapo klabu iliyoshinda mechi chache mno ilipewa nafasi ya ziada. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Melbourne na msimu wake wa 2009. Mwaka 2013, baada ya uchunguzi mrefu, ligi ilisema haikuthibitika kwamba timu ilifungwa kwa makusudi, lakini ikaitoza klabu faini ya dola 500,000 na kuwasimamisha watu wawili, aliyekuwa kocha na aliyekuwa meneja wa timu wakati ule, kwa mwenendo wao. Nafasi za ziada zilizokuwa zikitolewa zenyewe kwa hesabu ya ushindi zilikuwa zimeshafutwa.

Tazama basi faida iliyopatikana. Melbourne iliteua wa kwanza na wa pili mwaka 2009, Tom Scully na Jack Trengove. Scully aliondoka baada ya misimu miwili. Trengove alifanywa nahodha mwenza akiwa na umri wa miaka 20 tu, kisha majeraha ya mguu yakamkatili. Wa tatu, ambaye Richmond ilimpata bila hila yoyote, alikuwa Dustin Martin, mtu wa kwanza katika historia kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa fainali kuu mara tatu. Vijana wale wawili walibebeshwa mzigo wa msimu mzima wa aibu ya wakubwa wao, na mashabiki waliowazomea wangepaswa kuelekeza sauti zao kwingine.

Mimi nasema kanuni ya baba na mwana ni upendeleo mtupu. Collingwood walimpata Nick Daicos kwa bei ya kutupa. Uteuzi gani huu ambao mwenye jina la baba anaruka foleni? – Msomaji, Perth

Ndugu msomaji, una hoja, na tutakupa nusu ya haki.

Kanuni inasema kwamba kijana ambaye baba yake aliichezea klabu mechi 100 au zaidi anaweza kuchukuliwa na klabu hiyo. Zamani ilikuwa zawadi kwelikweli. Geelong ilimpata Gary Ablett mdogo kwa nafasi ya 40 mwaka 2001, na Tom Hawkins kwa nafasi ya 41 mwaka 2006, ingawa kila mtu alijua Hawkins angetajwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa kama angekuwa mtoto wa mtu mwingine. Kelele zilizofuata ndizo zilizoleta mnada: klabu nyingine inamtaja kijana kwa nafasi yake, na klabu ya baba yake inalazimika kulipa au kumwacha.

Mwaka 2015 malipo hayo yaliwekwa katika pointi. Nafasi ya kwanza ilipewa thamani ya pointi 3,000, ya pili 2,517, ya nne 2,034, zikishuka hivyo hadi mwisho wa orodha, na klabu ya baba ikapunguziwa asilimia 20 kwa kijana wa raundi ya kwanza. Gold Coast ilipomtaja Daicos kwa nafasi ya nne mwaka 2021, Collingwood ilihitaji pointi 1,627, na ilizilipa kwa rundo la nafasi za nyuma ambazo kila moja peke yake isingemleta kijana wa aina yake. Hapo ndipo penye hoja yako. Kununua ng'ombe kwa kuku ishirini inawezekana kwa hesabu za karatasi, lakini mwenye ng'ombe hatakubali. Ligi nayo imeliona hilo, kwa sababu kuanzia uteuzi wa 2025 punguzo lilishushwa hadi asilimia 10 na nafasi za nyuma zikapunguzwa thamani.

Nusu nyingine ya haki hatukupi. Peter Daicos aliichezea Collingwood mechi 250, na kijana aliyekua akiona jezi ile ikining'inia nyumbani ana uhusiano na klabu ambao nchi nyingi zingetamani kuwa nao katika michezo yao. Lipeni bei kamili, sisi hatuna tatizo na damu.

Tena, wasomaji wetu wanapaswa kuijua njia nyingine ya upendeleo inayowahusu zaidi. Klabu zina akademi za vijana wa asili ya Kiafrika, Kiasia na wenyeji wa Australia, na kijana aliyelelewa humo angeweza kuchukuliwa na klabu hiyo kwa njia hiyohiyo ya kulipia. Mac Andrew, aliyezaliwa Misri katika familia ya Sudan Kusini, alikuwa katika akademi ya Melbourne. Mwaka wake, 2021, kanuni ilikataza klabu kulipia vijana hao wakitajwa ndani ya nafasi 20 za mwanzo, kwa hiyo Gold Coast ilimtaja wa tano na Melbourne ikabaki ikitazama. Mwaka uleule Western Bulldogs iliruhusiwa kumlipia Sam Darcy, mtoto wa nahodha wake wa zamani, aliyetajwa wa pili. Mtoto wa nahodha wa zamani alilindwa na mtoto wa mkimbizi hakulindwa, na hilo lilikuwa kosa ambalo kanuni za karibuni zimeanza kulirekebisha.

Mhariri, mimi ni mama wa watoto wanne, nilitoka Nyarugusu kuja hapa Dandenong. Kijana wangu wa pili ana miaka 16 na anacheza mpira huu. Kanisani wanamwambia atakuwa katika kumi wa mwanzo. Kwenye mtandao nimeonyeshwa watu wasiomjua wakiandika kwamba ana mbio za ajabu lakini hana akili ya mpira. Siku hizi hata chakula hali vizuri. Nifanye nini? – Mama, Dandenong

Mama, barua yako tuliisoma wote hapa ofisini, na tunaijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyotufanya tuandae ukurasa huu.

Tuanze na maneno hayo ya mtandaoni. Kwa miaka mingi nimesoma jinsi mashabiki wanavyowaelezea vijana kabla ya uteuzi, na nimeona kwamba mtoto wa Kiafrika karibu daima husifiwa miguu: anaruka, anakimbia, ana mikono mirefu, ni malighafi. Mtoto wa Kizungu mwenye mchezo uleule husifiwa kichwa: anausoma mchezo, ni kiongozi, amekomaa. Wengi wanaoandika hivyo hawana nia mbaya, lakini maneno hujenga macho, na mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba kijana ni miguu mitupu hataiona pasi ya akili hata ikipigwa mbele yake. Mwambie kijana wako kwamba maneno hayo yalikuwapo kabla yake na hayakuandikwa kwa kumtazama yeye.

Kisha msimulie habari za Aliir Aliir. Alizaliwa katika kambi ya Kakuma, Kenya, katika familia ya Sudan Kusini, akaletwa Australia akiwa mtoto, na mpira huu hakuujua hadi alipokuwa kijana. Sydney ilimteua mwaka 2013 kwa nafasi ya 44. Mwaka 2014 hakucheza ligi kuu hata mechi moja, na mwaka 2015 vilevile. Mechi yake ya kwanza aliipata 2016. Mwaka 2021, akiwa amehamia Port Adelaide, aliingia katika kikosi bora cha nchi nzima kama mlinzi, na sifa anayopewa hadi leo ni ya kichwa: anajua mpira utakuja wapi, anamwacha mtu wake na kwenda kuudaka hewani kabla haujafika. Ilichukua miaka minane. Kama una binti, msimulie Akec Makur Chuot, ambaye naye alipita Kakuma utotoni na akafika kucheza ligi kuu ya wanawake.

Kuhusu kumi wa mwanzo, waombe watu wa kanisani, kwa upole, waache. Wanampenda, lakini wanamwekea deni. Akiteuliwa wa 35 atahisi amewaangusha, ilhali kati ya vijana wote wanaojiandikisha nchi nzima, ni wachache mno wanaotajwa kwa nafasi yoyote ile.

Sasa mambo ya nyumbani. Mwaka atakapofikia umri, klabu zitakuja kumhoji, na nyingine zitaomba kufika kwako. Zikaribishe, nawe ukae sebuleni hadi mwisho. Usiende jikoni ukawaachia wanaume mazungumzo. Uliza ataishi na familia gani akipelekwa jimbo lingine. Uliza nani atamfuatilia masomo, na nani atampigia simu akikaa wiki sita bila kucheza kwa sababu ya jeraha. Uliza katika miaka mitano iliyopita wamewafundisha vijana wao kwa makocha wangapi. Mkalimani ni haki yako kumwomba. Wakala akikujia na karatasi, usitie saini hadi umethibitisha kwamba ametambuliwa na chama cha wachezaji wa ligi, na wakala wa kweli hataudhika kwa kuulizwa.

Kijana naye asome. Tunaelewa kwamba kila mzazi husema hivyo, lakini hapa kuna sababu ya kazi yenyewe. Mkataba wa kwanza ni wa miaka michache, na wengi wanaoachwa huachwa wakiwa na miaka 20 au 21.

Na asipotajwa? Usiku ule utakuwa mrefu, na hakuna la kumwambia litakaloufupisha. Mpikie. Asubuhi atambue kwamba kuna uteuzi mwingine mdogo unaofuata mara moja, kuna ligi za majimbo za Victoria, Australia Kusini na Australia Magharibi, na tangu mwaka 2019 umerudishwa uteuzi wa katikati ya msimu. Mwaka huohuo wa 2019 Richmond ilimchukua kwa njia hiyo Marlion Pickett, mwanamume wa miaka 27 mwenye watoto, aliyekuwa akiichezea South Fremantle. Mechi yake ya kwanza kabisa ya ligi kuu ilikuwa fainali kuu, mbele ya watu laki moja uwanjani MCG. Alifunga goli, wenzake wote wakamkimbilia, na Richmond ikashinda kwa pointi 89.

Kwa ufupi: mwaka huu nimwekee nani matumaini? Nitajieni jina moja. – Msomaji, Brisbane

Jina hatutakupa, kwa sababu ni jina la mtoto wa mtu na likishachapishwa halifutiki. Tutakupa cha kutazama. Nenda uwanjani mechi za vijana zinapochezwa, simama upande ule ambao mpira unapotea zaidi, chagua kijana mmoja, na kwa robo nzima ya mchezo usimwangalie anapokuwa na mpira. Mwangalie anapoupoteza, na anapokuwa mbali nao, na mwenzake anapokosea. Fanya hivyo mechi tatu, kisha tuandikie ulichokiona.